Namba Tano Haina Kasoro

Jumanne, 11 Juni 2024

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Niandike kwa utaratibu, la sivyo nitavunja kitu, na vyombo vya nyumba hii nilivichagua mwenyewe.

Leo ilikuwa siku ya majibu. Mimi na Brenton tuliondoka Ballarat saa moja asubuhi, ukungu mtupu mpaka Melbourne. Tamsin tulimkuta ameshafika kliniki, kavaa fulana yake nyeusi ya kazi ili mikono yake ionekane vizuri. Huyu Tamsin ndiye mkalimani wetu wa kila jambo. Harusini alikuwepo. Mazishi ya baba alikuwepo. Mimba zangu tatu zilipotoka alikuwepo, kasimama ubavuni mwa daktari, anatafsiri "pole" kwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Daktari Hargreave akatuwekea karatasi mezani. Viinitete vitano, mayai yangu waliyoyarutubisha maabara. Mstari mmoja wa kijani, minne myekundu. Akasema tuna bahati, namba mbili ni safi, watanipandikiza hiyo mwezi ujao.

Moja, tatu na nne sikuwa na swali nazo. Kromosomu zimevurugika — ndicho kilichonipotezea wale watatu, na ndiyo sababu tulikubali kupima. Lakini namba tano? Kromosomu zake ziko sawa. Imeandikwa pale pale! Tena imepewa daraja A. Hiyo namba mbili yao ina B. Nikauliza: yenye A imeingiaje kwenye wekundu?

Akatabasamu. Lile tabasamu la kumpa mtoto pipi kabla ya sindano. Akasema namba tano imebeba jeni ya uziwi ya familia yangu.

"Habari njema," akasema, "ni kwamba namba mbili haina."

Habari njema! Mimi kiziwi, mama yangu kiziwi, bibi yangu kiziwi, nimekaa mbele yake na mkoba wangu mapajani, ananiambia habari njema ni kwamba mwanangu hatafanana nami. Nikamtazama Tamsin. Mikono yake haikutetereka, ndiyo kazi yake. Ila shingo ilimwiva.

Nikauliza nani aliwatuma wapime hiyo jeni. Akasema mimi. Imo kwenye fomu. Nikasema haimo. Akasema imo. Mwisho nikamwambia aniletee hiyo fomu niione kwa macho yangu, maana masikio ameshaniambia hayafai.

Hilo Tamsin alilitafsiri kwa raha. Nilimwona.

Brenton hakusema neno. Niliona ni mshtuko.


Jumatano, 12 Juni

Karakana. Nimevunja sindano mbili za cherehani kwenye kiti kimoja cha gari. Bosi akaniandikia kwenye simu yake: Kiti kimekukosea nini?

Nimekumbuka usiku — hapana, si usiku, alfajiri nilipoamka — kwamba mayai yangu yamekwisha. Daktari alishasema. Nina miaka thelathini na tisa, hakuna duru nyingine ya kuvuna mayai. Ni namba mbili na namba tano, basi. Hao ndio watoto wangu wote waliopo duniani, wako ndani ya pipa la barafu Melbourne, na mmoja wamemtia wino mwekundu.


Ijumaa, 14 Juni

Fomu imekuja kwa barua pepe. Ukurasa wa sita.

Ni mwandiko wangu.

Swali linasema: taja hali zozote za kurithi katika familia yako. Wanawapa watu mistari mitatu. Mimi mistari mitatu haikunitosha, nikaomba karatasi ya ziada. Nikachora ukoo mzima! Bibi mzaa bibi, Ottilie, kiziwi, alikuja na meli toka Cornwall na cherehani yake. Watoto wake wanne, viziwi watatu. Bibi yangu. Mama na dada zake. Watu kumi na tisa nimewaandika, na kila kiziwi nimempigia mstari chini. Nimepiga kwa rula!

Nakumbuka siku ile. Nilikaa pale mezani na chai, nafurahi. Kwetu ukikutana na kiziwi usiyemjua, hata jina hamjaambiana, anakuuliza: wazazi wako viziwi? Babu na bibi? Ukisema vizazi vinne, anakusogezea kiti. Mimi tangu utotoni nimezoea kusogezewa kiti. Nikaijaza ile fomu kama mtu anayeorodhesha medali za ukoo. Brenton alinichungulia begani akacheka, akasema nimemsahau paka mweupe wa Ottilie, naye alikuwa kiziwi.

Nao wakasoma wakaona ugonjwa. Watu kumi na tisa wagonjwa. Chini yake kuna kijisanduku: ungependa hali zilizotajwa hapo juu zichunguzwe? Nikatia alama ndiyo. Nilidhani wanauliza juu ya zile mimba zilizotoka. Mimi ndiye mjinga. Lakini walininyamazia miezi minane! Hakuna hata mmoja aliyeinua simu kuuliza: bibie, hii karatasi yako umeileta kujivuna au kulalamika?

Jioni nikaenda kwa mama, mtaa wa Sebastopol. Nikabonyeza kengele, taa zikawakawaka nyumba nzima, akaja na kisu cha viazi mkononi. Nikamweleza jikoni, maana kule ndiko kwenye mwanga.

Kuna jambo nilikuwa nimelisahau, yeye hakulisahau. Mwaka jana kliniki ilimwomba mate yake kwenye kichupa. Mimi ndiye niliyempelekea kichupa chenyewe. Nilimwambia ni kwa ajili ya zile mimba, wanatafuta chanzo. Alitema kwa bidii, akauliza kama yanatosha.

Akaweka kisu chini. Akaipangusa mikono kwenye aproni, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Kwa hiyo nilitoa mate yangu," akasema, "wayatumie kumtafuta mjukuu wangu wamtupe."

Mama ana miaka sabini na moja na sijawahi kumwona akishindwa kumalizia viazi.


Jumapili, 16 Juni

Chakula cha mchana kwa mama mkwe. Ningetamani kusema nilijizuia.

Glenys anasikia. Ukoo wao wote unasikia. Brenton alizaliwa anasikia, akaugua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka minne, akaamka hospitalini dunia imenyamaza. Miaka thelathini na saba imepita. Mama yake mpaka leo anajua alama tatu za mikono: chai, choo, pole. Mambo mengine anayasema kwa kupanua mdomo mpaka unaona magego.

Nimefika, nakuta kaweka maua mezani. Nyama ya kondoo, viazi vya kuoka, mchuzi, kila kitu. Amenikumbatia mpaka miwani ikapinda. Kumbe Brenton ameshamwambia habari za namba mbili. Ana furaha! Amechimbua sandukuni kitabu cha nyimbo za watoto, kimeoza pembeni, akanifungulia, akaweka mkono kifuani.

"Safari hii nitaimba," akasema. Nilimsoma midomo, haikuwa kazi, alilisema neno kama anaongea na mtu aliye ng'ambo ya barabara.

Hapo nikalipuka. Nikamwambia kwa mikono, haraka, kwamba alikuwa na mtoto kiziwi ndani ya nyumba hii kwa miaka kumi na tano na hakujifunza hata kumuuliza umelalaje, leo anataka kumwimbia yai. Nikamwambia Brenton atafsiri.

Brenton akamgeukia mama yake. Midomo nimeisoma. Alisema: "Anasema nyama imeiva vizuri."

Glenys akaniongezea nyama.

Nikaila! Ndilo linaloniudhi zaidi. Nimekaa pale natafuna, yeye akinitabasamia. Alivyofungua kile kitabu machozi yalikuwa yanamlengalenga, na mimi sitaki kumwonea huruma. Leo sitaki.


Alhamisi, 20 Juni

Mkutano na kamati yao ya maadili. Watu watano kwenye meza ya mviringo, bilauri za maji, na sanduku la karatasi za kufutia machozi limesukumwa upande wangu kabla sijafungua mkono. Nikalirudisha katikati.

Waliongea sana juu ya ustawi wa mtoto. Walikuwa wapole, sitawasingizia. Mwanamama mmoja wa sheria alikiri kliniki ilipaswa kutuuliza. Akaomba radhi. Haya. Lakini radhi haibadilishi wino.

Nikawaambia nilichokuja kusema. Kwamba mimi sikutaka kuchagua. Nilitaka mtoto atakayekaa. Ninyi wenyewe mmesema namba tano ndiyo yenye nguvu, ndiyo yenye nafasi nzuri ya kushika. Ningekuwa mwanamke mwingine yeyote mngeniwekea ya daraja A bila mkutano. Mnataka kunipa dhaifu, niwe nimepoteza na wa nne, kwa sababu huyu mwenye afya hatawasikia mkimwita.

Mzee mmoja mwenye sweta, nadhani mwalimu wa chuo, akaniuliza kwa upole: je, si kweli kwamba namtaka mtoto kiziwi ili afanane nami?

"Na ninyi," nikasema, "watoto wenu mliwazaa wafanane na nani?"

Kimya. Ninajua kimya kikoje, nyuso zinaacha kutikisika. Mzee akaandika kitu. Daktari Hargreave akasema si jambo moja, uziwi unamfungia mtoto milango. Nikamwuliza milango hiyo huwa inafungwa na nani. Nikampa mfano: nimeshona viti vya magari miaka kumi na tisa na hakuna kiti kilichowahi kunikataa, lakini benki hapo chini walinikatalia mkopo kwa sababu sikuweza kupokea simu.

Uamuzi wao: tunaruhusiwa yoyote kati ya hizo mbili. Ila sahihi ziwe mbili, mke na mume, kwa namba moja. Tusipokubaliana, utaratibu wao ni namba mbili, na namba tano inabaki kwenye barafu mpaka tutakapokubaliana kuitumia au kuimwaga.

Nikatoka nimeshinda! Hivyo nilidhani. Nilimkumbatia Tamsin pale kwenye lifti, nikamshika Brenton mkono, ulikuwa wa baridi.

Barabarani, tumeshapita Melton, yuko kwenye usukani. Akainua mkono mmoja. Akasema kwa mkono mmoja, kama mtu anayeagiza chai, kwamba aliwaandikia kliniki. Wiki iliyopita. Jumatano, kesho yake baada ya majibu. Aliwaambia yeye anataka namba mbili.

Kisha akarudisha mkono kwenye usukani, macho barabarani.

Mwoga! Alijua! Mtu anayeendesha hawezi kukutazama, na asipokutazama hujasema kitu. Njia nzima nikampigia kelele kwa mikono mpaka mabega yakauma, nikapiga dashibodi, nikamvuta mkono wa koti. Yeye anaonyesha lori mbele. Usalama kwanza. Kilomita sitini nimekaa pembeni ya mume wangu nimezibwa mdomo na lori la maziwa.


Ijumaa, 21 Juni

Simsemeshi.


Jumamosi, 22 Juni

Bado. Amepika. Nimekula mkate.


Jumapili, 23 Juni

Leo asubuhi amezima televisheni, amevuta pazia jua liingie, amekaa ng'ambo ya meza, hakuna lori. Akasema niulize chochote.

Nikauliza tangu lini anaona mimi ni kasoro.

Akasema sivyo. Akasema nimekuwa nikisimulia utoto wangu tangu tulipokutana, jiko la mama limejaa watu, mikono inaruka, kila mtu anasimulia, mpaka mbwa alijua alama. Akasema anaupenda utoto huo kama sinema. Wake haukuwa huo. Wake ulikuwa meza ambayo watu sita wanacheka na yeye anauliza nini, nini, nao wanamwambia tutakueleza baadaye. Hawakueleza. Shuleni walimkalisha juu ya mikono yake ili ajifunze kutumia mdomo. Alijifunza alama ana miaka kumi na tisa. Akasema mpaka siku ile hakuwahi kumaliza sentensi bila mtu kumkunjia uso.

Nikasema: "Hao ni watu waliokutesa. Si uziwi."

"Kwa mtoto wa miaka saba," akasema, "vyote viwili vilikaa kiti kimoja."

Nikasema mtoto wetu hatakalia mikono yake, tutamsemesha tangu siku ya kwanza. Akasema sisi ndiyo. Je, akitoka nje ya geti? Akasema na anakumbuka mvua kwenye paa la bati. Ndiyo sauti pekee aliyobaki nayo. Ananiambia hivyo na vidole vinaonyesha mvua, vizuri mno, hakuna mwenye mikono mizuri kama Brenton, na mimi namtazama nataka kumpiga na kumshika kwa pamoja.

Nikamwambia mvua naijua pia. Naiona dirishani, naisikia kwa nyayo, nainusa. Sina kilichopungua. Akasema najua huna. Wewe huna. Mimi ninacho.

Nikamwuliza swali moja la mwisho. Kama mimi ningekuwa kwenye ile karatasi, mstari gani ningekuwa?

Hakujibu. Si kwamba alikataa. Alikuwa anafikiri kweli, na kule kufikiri ndiko kulikoniumiza. Nikainuka nikaenda kufua.


Jumanne, 2 Julai

Nilidhani nimemaliza watu wa kukasirikia. Kumbe mama amebaki.

Amewaambia watu. Klabu nzima ya viziwi inajua, kuanzia wale wazee wa karata mpaka timu ya mpira. Nimepata jumbe za video kumi na moja. Mmoja wa Bendigo, sijamwona tangu shule, ananiambia nisimame imara kwa ajili ya jamii yetu. Jamii! Tumbo ni langu. Jumamosi mtu alinishika bega pale sokoni akaniuliza namba tano inaendeleaje. Anauliza kama farasi wa mashindano.

Nikaenda kwa mama nikamwambia anyamaze. Akasema hanyamazi. Akasema nikipandikiza namba mbili nitajuta, mtoto anayesikia humshiki, anakutumia kisha anaondoka. Nikajua anamsema kaka yangu Rhys.

Nikamwambia Rhys hakuondoka kwa sababu anasikia. Rhys aliondoka kwa sababu alikuwa na miaka sita tukampeleka benki atafsiri. Ana miaka tisa alimtafsiria mama majibu ya daktari kwamba baba ana saratani. Mtoto wa miaka tisa! Alilitafuta neno, hakujua alama yake, akaliandika kwa vidole, herufi moja moja, mama akamrekebisha herufi. Nilikuwepo. Leo yuko Perth, anatuma kadi ya Krismasi.

Mama akanigeuzia mgongo. Kwetu hilo ni kukukatia simu usoni. Nikabaki nimesimama jikoni naongea na aproni.

Lakini njiani kurudi swali likaja na halijaondoka. Hivi mimi ni tofauti na hawa? Niliiambia kamati sitaki kuchagua, nataka yenye nguvu. Basi nijiulize kwa haki: ingekuwa namba mbili ndiyo daraja A, namba tano ndiyo B? Ningegonga meza ile vile vile?

Ningegonga.

Nimeandika na sifuti. Nataka mtoto atakayenitazama akiwa na siku tatu, ananitafuta kwa macho. Nataka asikie kwa macho kama mimi. Nataka nimpe kile kiti cha kusogezewa. Na Brenton anataka mtoto ambaye watu hawatamwambia tutakueleza baadaye. Glenys anataka kuimba. Mama anataka mtu asiyeweza kuhama. Daktari anataka kijani. Kila mtu ana mkono ndani ya lile pipa, na wangu umo mpaka kiwiko.

Nina hasira na wote bado. Na mimi nimejiongeza kwenye orodha.


Alhamisi, 4 Julai

Kliniki wameandika. Jumatatu saa nne asubuhi. Wanataka namba moja na sahihi mbili siku hiyo hiyo kabla hawajayeyusha. Sindano na vidonge nimeshatumia wiki mbili, mwili uko tayari, ukipita mwezi huu tunaanza upya, na daktari hana hakika kwamba mwili wangu utakubali tena.

Nimemwonyesha Brenton. Akasoma mara mbili. Akasema sawa, tutakwenda. Sijui sawa ya nini.

Amenitengenezea chai. Nimeinywa.


Jumatatu, 8 Julai

Naandika kwenye chumba cha kusubiri. Nimevaa gauni la kliniki, nyuma wazi, soksi nene za karakana. Wamenilazimisha kunywa maji lita nzima ili picha ya ultrasound ionekane vizuri, kibofu kinataka kupasuka. Kama kuna mtu alitaka kunikuta mpole leo amechelewa.

Njiani hatukuongea. Safari hii hakuna lori, barabara tupu, na bado hatukuongea.

Tamsin yuko hapa. Mkalimani hana maoni, ndiyo sheria yao, kwa hiyo kakaa kwenye kona anasoma bango la kunawa mikono. Amelisoma sasa dakika kumi.

Muuguzi ameleta karatasi. Fupi tu. Kijisanduku kimoja cha namba, mistari miwili ya sahihi. Akasema mtaalamu wa maabara anasubiri mlangoni, kuyeyusha kunachukua saa moja, wanahitaji kujua watoe ipi. Akasema bila haraka. Kisha akatazama saa.

Nimeichukua mimi kwanza. Sikuwaza sana, nimewaza wiki nne. Nimeandika 5. Nimeweka sahihi. Nimechagua. Nisije kumwambia mtu yeyote maishani, wala huyo mtoto, kwamba sikuchagua.

Nikampa Brenton.

Sasa karatasi iko kwenye goti lake. Anaitazama ile tano. Muuguzi amesogea na kumpa kalamu, ya kliniki, ina nembo ya mtoto anayelala. Ameifungua.

Ameishusha mpaka kwenye mstari. Ncha imegusa. Kuna kinukta.

Nimejaribu kuusoma uso wake, nimeoana nao miaka kumi na miwili, sioni kitu. Kama ataandika, sawa. Kama hataandika, nitalala kwenye kile kitanda na namba mbili itaingia, na nitaomba ishike, nitaiomba kwa nguvu zangu zote, na sijui kama nitaweza kurudi na huyu mtu Ballarat kwenye gari moja. Hilo ndilo sijui. Mtoto nitampenda yeyote. Mume sijui.

Muuguzi kasema kitu. Tamsin kanyanyua mikono atafsiri, Brenton kamwashiria asubiri.

Ameweka kalamu chini. Juu ya kiti, pembeni, ili mikono yote miwili iwe huru. Amenigeukia. Anagonga sakafu kwa mguu, mara mbili, taratibu, nainasa kwenye soksi. Anataka nimtazame. Mikono ameshaiinua, inasubiri hewani, na mimi bado naandika, naandika tu, kwa sababu nikiinua macho atase—